Ruzuku ya Shambani ni Amana



Kwaresima imetukuta tena na majembe mikononi, kama ilivyo kawaida ya nchi yetu ya Tanga. Handeni na Kilindi watu wamekwisha kufyeka, Muheza na Korogwe wanalima, na wenzetu wa pwani ya Mkinga na Pangani wanatazama mawingu wakingoja masika. Kipindi hiki ndicho ambacho habari za mbolea na mbegu za ruzuku husemwa kila mahali: katika ofisi ya mtendaji wa kijiji, dukani kwa wakala, na hata chini ya mwembe wa kanisa baada ya Misa. Husemwa kwa minong'ono zaidi kuliko kwa sauti. Tumeona vema basi tuyatoe maneno hayo gizani na kuyaweka mbele ya Neno la Mungu, maana jambo linalogusa chakula cha mjane na jina la Mkristo haliwezi kuwa nje ya Kanisa.

Somo letu ni Matendo ya Mitume, sura ya 6, tangu mstari wa 1 hadi wa 7.

Habari yake twaijua. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa na lenye upendo. Waumini waliweka mali zao pamoja, na kila siku wajane waligawiwa chakula. Hata hivyo yakatokea manung'uniko. Wajane wa wale waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji, na wajane wa wenyeji hawakusahauliwa. Tuangalie vizuri hapo. Hatuambiwi kwamba chakula kilikuwa kidogo. Hatuambiwi kwamba mtu fulani aliiba. Chakula kilikuwapo, nia ilikuwa njema, Mitume wenyewe walikuwapo, na bado wajane wengine walirudi nyumbani mikono mitupu. Mgawaji aliwaona wale aliowajua. Hiyo ndiyo njia ya kwanza ambayo dhuluma huingia katika jambo jema: huingia kwa mlango wa kujuana.

Ruzuku ni nini

Ruzuku ni fedha ambayo Serikali huongeza juu ya kitu ili mnunuzi alipe bei iliyo chini ya bei ya soko. Fedha hiyo haitoki mbinguni, wala haitoki katika mfuko wa diwani au wa mwenyekiti. Hutoka kwetu. Bibi anunuaye kipande cha sabuni dukani hulipa kodi ndani ya bei yake, na kijana anunuaye bati hulipa vilevile. Zikikusanyika senti hizo, Serikali huzirudisha kwa njia ya shule, dawa, barabara, na huu msaada wa shambani. Kwa hiyo ruzuku si zawadi ya mkubwa kwa mdogo. Ni changizo letu sote lililowekwa mikononi mwa wachache ili walifikishe mahali pake. Kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu ili akifikishe huitwa amana, na sote twajua jinsi wazee wetu walivyomtazama mtu aliyekula amana.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wenye umri mkubwa wanakumbuka miaka ya 1970 na 1980, mbolea ilipouzwa kwa bei iliyopunguzwa sana. Hapa Tanga penyewe palikuwa na kiwanda cha mbolea, na fosfeti ya Minjingu ilichimbwa ili kukilisha kiwanda hicho. Wanakumbuka pia unga wa yanga uliotoka ng'ambo wakati mavuno yetu yalipopungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kiwanda kile kikanyamaza, na katika miaka hiyohiyo ruzuku ikapunguzwa hatua kwa hatua mpaka ikaondolewa. Mkulima mdogo akaachwa na soko, na wengi wakaacha kabisa kutia mbolea.

Mwezi Juni 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakalitazama jambo hilo. Waliona kwamba Mwafrika kwa wastani anatia shambani kilo 8 tu za virutubisho vya mbolea kwa hekta, wakakusudia zifike kilo 50. Baadaye bei za chakula na mbolea zikapanda duniani mwaka 2007 na 2008, na Serikali yetu ikaanzisha mpango wa vocha. Kaya iliyochaguliwa, yenye shamba la mahindi au mpunga lisilozidi hekta moja, ilipewa vocha za kununulia mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia, na mbegu bora. Vocha ililipa kama nusu ya bei, na nusu ya pili aliitoa mkulima mwenyewe. Kaya zinazoongozwa na wanawake zilitakiwa zitangulie. Wa kuchagua walikuwa kamati ya kijiji, watu wa palepale, kwa kuwa walidhaniwa kuwafahamu wahitaji.

Ndugu zetu, mpango huo uliwasaidia wengi, na si haki kuusema kwa ubaya mtupu. Zaidi ya kaya milioni mbili zilipata vocha katika miaka ile, na watu waliokuwa hawajapata kuona tofauti ya mbegu bora na mbegu ya ghalani waliiona kwa macho yao. Lakini watafiti waliouchunguza mpango wa mwaka 2008 katika mkoa jirani wa Kilimanjaro waligundua jambo la kuhuzunisha: viongozi wa kijiji waliochaguliwa na watu walipata kama asilimia 60 ya vocha zilizogawiwa. Tusiwacheke jirani zetu. Kila mmoja wetu aulize kijijini kwake miaka ile majina ya kwanza katika orodha yalikuwa ya nani.

Hao nao hawakuwa wote wezi. Wengine walikuwa wakulima kweli, wenye haki ya kuomba kama wengine. Ila walisahau kwamba aliyeshika upawa hujipakulia mwisho.

Mjane na dole gumba

Tunataka kusema habari ya mjane mmoja wa kijiji tunachokijua, pasipo kutaja jina lake wala la kijiji. Jina lake liliandikwa, naye akapata vocha zake zote. Lakini nusu ya bei aliyotakiwa kuitoa hakuwa nayo, maana mwezi ule alikuwa na mtoto mgonjwa. Muuzaji akamwambia, "Mama, tia dole hapa, nami nitakupa elfu chache zikusaidie." Akatia dole gumba, akapokea fedha, akaenda zake. Msimu ule alipanda mbegu iliyobaki ghalani, bila mbolea. Kitabuni aliandikwa kuwa mkulima aliyepata mifuko miwili na mbegu. Serikali ililipa fedha kamili. Mbolea ikauzwa kwa mtu mwingine kwa bei ya soko.

Nani alikosa hapo? Wengi wetu tutakuwa wepesi kumnyoshea mjane kidole. Ni kweli kwamba alitia dole kwenye uongo, na uongo ni uongo hata wa maskini. Lakini Maandiko humtazama kwanza mwenye nguvu. Aliyekuwa na duka, kalamu na kitabu ndiye aliyejua yote yanayofanyika, naye ndiye aliyenunua haki ya mjane kwa bei ya kikombe cha maharage. Na sisi majirani, tuliojua kwamba mama huyu hana nusu ya bei na tukapita njia yetu, tusijihesabu kuwa mbali na kosa hilo. Mlawi aliyepita kando katika mfano wa Msamaria Mwema hakumpiga yule mtu, alipita tu.

Mtambo mpya, moyo uleule

Siku za vocha zimepita. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya mbolea, iliyokuwa imekwisha kupanda, ilizidi kuwa mzigo duniani kote, nasi tukaumia kwa sababu sehemu kubwa ya mbolea yetu hutoka nje. Serikali ikarudisha ruzuku, ikazinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane mwaka huo, kwa shilingi bilioni 150. Mfuko wa kilo 50 wa urea uliokuwa umepita shilingi 120,000 ukauzwa kwa shilingi 70,000. Safari hii hakuna vocha ya karatasi. Mkulima huandikishwa kijijini, hutaja ukubwa wa shamba lake na mazao yake, hupewa namba, na wakala huitazama namba hiyo kwenye mtambo kabla ya kumuuzia. Baadaye mbegu za mahindi nazo zikaingia katika ruzuku. Wenye mikorosho wamekuwa wakipata salfa pasipo malipo.

Mtambo huu umeziba matundu mengi. Lakini mtambo huamini kile ulichoambiwa. Ukiambiwa ekari kumi, hauendi shambani na kamba kupima. Ukiambiwa jina la marehemu, hauendi makaburini. Mtu mwenye ekari mbili akiandikisha kumi, akapata mifuko kumi asiyostahili, basi kwa bei zile za mwaka 2022 amechukua zaidi ya shilingi 500,000 za umma. Mfano huu tumeuweka kwa hesabu nyepesi ili hata watoto wa shule ya Jumapili wauelewe. Torati katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, inakataza kupunja katika kupima urefu, uzani na ujazo. Tumezoea kudhani sheria ile ni ya muuza nyama na mizani yake. Kumbe yule anayetaja ekari za uongo mbele ya mwandishi naye ameshika mizani ya uongo.

Liko jambo jingine la kufikiri. Ruzuku ya sasa hufuata shamba: mwenye eneo kubwa hupata zaidi, na asiyeweza kutoa bei ya mfuko hapati kitu, ingawa jina lake limo. Si kwetu tu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambako wakulima hulipwa fedha moja kwa moja kwa kadiri ya ardhi yao, imeonekana kwa miaka mingi kwamba kama asilimia 80 ya malipo hayo huenda kwa asilimia 20 tu ya wanaolipwa. Hawakuvunja sheria, sheria yenyewe ndivyo ilivyopangwa. Basi mtu aweza kupata halali yake yote kwa karatasi, na bado mjane wa Matendo 6 akasahauliwa. Ndiyo maana Mkristo haachi kuuliza hata baada ya sheria kutimizwa: je, yule wa mwisho amefikiwa?

Visingizio vitatu

Cha kwanza husema: mali ya Serikali haina mwenyewe. Tumekwisha kuona kwamba mwenyewe yuko. Ni bibi yule wa kipande cha sabuni.

Cha pili husema: kila mtu anafanya hivyo, nami nisipofanya nitabaki nyuma. Haya ndiyo maneno ya watu wa siku za Nuhu. Wingi wa watendao haujapata kugeuza dhambi kuwa haki. Nasi tuliosoma wakati wa TANU tunakumbuka jinsi tulivyosimama mstarini na kuahidi kutotoa wala kupokea rushwa. Ahadi ile ilikuwa ya chama. Ahadi ya ubatizo ni kubwa zaidi, maana tulimkataa Shetani na kazi zake zote mbele ya Mungu na Kanisa.

Cha tatu huja kimevaa nguo ya methali. Husemwa, "Mkono mtupu haulambwi," au, "Penye udhia penyeza rupia." Wazee wetu walikuwa na hekima nyingi, lakini si kila walichokiona duniani walikisifu, mengine waliyasema kwa kuwa waliyaona. Sisi twachagua kuifuata methali nyingine ya wazee walewale: "Mali bila daftari huisha bila habari." Hiyo hufaa kijijini, na hufaa hata katika sanduku la sadaka.

Mitume walifanyaje

Turudi kwenye somo. Mitume waliposikia manung'uniko hawakukasirika, wala hawakuwaita walalamikaji wachochezi. Waliita mkutano wa waumini wote. Wakawataka wenyewe wachague watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima. Tena tusome majina ya hao saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timona, Parmena, na Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Yaelekea kabisa kwamba kazi ya kugawa ilitiwa mikononi mwa watu wa upande ule uliokuwa umesahauliwa. Hii ni hekima kubwa. Anayejua njaa ya kusahauliwa hasahau upesi.

Mtume Paulo naye, alipokuwa akikusanya changizo kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, hakutaka kulibeba peke yake. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8, anaeleza kwamba alimtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyesifiwa na makanisa, ili mtu asipate la kuwalaumu katika ukarimu huo mkubwa. Paulo alikuwa Mtume, na bado hakusema, "Mniamini tu." Alitaka mambo yawe safi mbele za Bwana na mbele za watu pia. Kama Paulo alihitaji mashahidi, mjumbe wa kamati yetu asichukie akiombwa kuonyesha orodha.

Basi, ndugu, tufanye nini katika mtaa wetu Kwaresima hii? Twapendekeza mambo manne.

La kwanza, kila Mkristo ataje shamba lake kwa kweli. Aliyeandikisha ekari zisizokuwapo aende akasahihishe kabla ya mvua. Daftari laweza kurekebishwa, na kufanya hivyo ni toba yenye matunda.

La pili, tuhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya mwaka 1982 inautaka mkutano huo ufanyike angalau kila miezi mitatu, lakini sisi twauachia watu ishirini kisha twanung'unika mwaka mzima. Tuombe kwa adabu orodha ya waandikishwa isomwe kwa sauti. Jina la marehemu likisomwa mbele ya watoto wake, litafutwa bila kelele.

La tatu, tuwe na mfuko wa kupandia. Sadaka ya Kwaresima, pamoja na kidogo kitakachotolewa na vikundi vyetu vya akina mama na vya vijana, yaweza kumkopesha mjane fedha ya mfuko mmoja, naye akarudisha wakati wa Sikukuu ya Mavuno. Haba na haba hujaza kibaba. Mama yule aliyetia dole hakuhitaji hotuba. Alihitaji fedha ya wiki mbili. Na mfuko huu usiulize mtu husali kanisani au huswali msikitini. Vitongojini mwetu twaishi pamoja na ndugu zetu Waislamu, nao wana mafundisho yao ya zaka, na mvua ya Mungu hunyesha juu ya mashamba yetu yote.

La nne, tuwasaidie wasio na simu na wasiojua kusoma. Vijana wetu waliomaliza shule wakae nao ofisini siku ya kuandikishwa, wawasomee kilichoandikwa, na ile namba waiweke kwa siri kama mali ya mwenyewe. Tena wamwulize bwana shamba mbolea gani yafaa. Tuna kituo cha Mlingano pale Muheza, ambako udongo huchunguzwa. Si vema mtu kutoa fedha yake ya mwisho kwa mbolea isiyofaa udongo wake.

Haki pia kwa upande wa pili

Hatuwezi kumaliza pasipo kusema na wenye mamlaka, maana Neno la Mungu hukata pande zote mbili. Mbolea inayofika mahindi yakiwa yamechanua haisaidii. Mkulima wa masika ana majuma machache tu, na karatasi zikichelewa mezani, yeye huhesabiwa amepata, na tumbo lake huhesabu vingine. Vilevile tunakumbuka kwamba wako mawakala wa siku za vocha waliotoa pembejeo kwa uaminifu wakakaa miaka wakingoja malipo yao, na Serikali ilipohakiki, madai mengine yakaonekana ya uongo. Tazameni basi uongo unavyofanya kazi: mwongo mmoja hufanya waaminifu kumi wacheleweshwe. Yakobo katika sura ya 5 ya Waraka wake anasema kwamba ujira uliozuiwa hupiga kelele, na kelele hizo humfikia Bwana. Mwaminifu alipwe, na alipwe mapema.

Wako kati yetu wajumbe wa serikali za vijiji, watendaji, mabwana shamba na wenye maduka. Twawaombea, na tunawashukuru wale walioshika kazi hiyo kwa mikono safi, maana wapo, tena ni wengi kuliko wasemwavyo. Kwenu kazi hii ni huduma kama ya wale saba. Stefano alianza kwa kugawa chakula mezani, na Kanisa likamkumbuka kuwa shahidi wa kwanza aliyemwaga damu yake. Luka anatuambia katika mstari wa 7 kwamba baada ya ugawaji kutengenezwa, Neno la Mungu lilienea, na hesabu ya wanafunzi ikaongezeka sana. Watu waliona wajane wote wanakula, wakaamini. Hapa kwetu nako watu wanatazama, na wanajua ni nani kati ya wagawaji hupokea Ekaristi siku ya Jumapili.

Tuombe.

Ee Mungu, mwenye mvua na udongo, uliyetupa nchi hii ya milima na pwani, utusamehe tulivyowasahau wasiojulikana. Uwape hekima na mikono safi wote wagawao mali ya watu. Umpe mjane mbegu kwa wakati, na jirani wa kumsaidia kupalilia. Na mavuno yatakapokuja, tuweze kuyaleta madhabahuni pako bila aibu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.